Udongo si adhabu: tuwafundishe watoto kuitunza ardhi

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola aliyeitandaza ardhi na kuotesha humo kila kinachotufaa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, pita asubuhi katika shule nyingi za msingi na madrasa nyingi za mijini mwetu, utakuta watoto wawili watatu wako nje ilhali wenzao wako darasani. Mmoja anafagia uwanja, wa pili anazoa taka, wa tatu ameshika jembe anachimba shimo la takataka. Ukiuliza wana nini, utajibiwa kuwa wa kwanza amechelewa, wa pili hakuhifadhi sura aliyopangiwa, na wa tatu alikuwa akipiga kelele. Ufagio, taka na jembe ndiyo hukumu yao.

Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba halimshangazi mtu. Lakini natujiulize: mtoto ambaye hukutana na udongo siku ya kukosea tu, atajifunza nini kuhusu udongo? Bila shaka atajifunza kuwa ni kitu cha wakosaji. Akiwa mtu mzima ataamini kuwa mwenye heshima hashiki taka, kwamba kufagia ni kazi ya mtu duni, na kwamba kilimo ni kimbilio la aliyeshindwa masomo. Kisha jamii hiyo hiyo inalalamika kuwa vijana wanakikimbia kilimo na kuwa mitaro imeziba kwa takataka. Tumepanda wenyewe, na sasa tunashangaa mavuno.

Makala haya yana ombi moja kwa walimu, wazazi na kamati za misikiti. Tuutoe udongo katika orodha ya adhabu na tuuingize katika orodha ya masomo. Na kwa mtoto mdogo, mlango mwepesi wa somo hilo ni kumfundisha kutengeneza mboji, yaani kuyageuza mabaki ya jikoni na majani ya uwanjani kuwa mbolea.

Heshima ya udongo katika dini

Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Surat Twaha, aya ya 55, kuwa tumeumbwa kutokana na ardhi, humo tutarejeshwa, na humo tutatolewa mara nyingine. Kwa hiyo udongo ni asili yetu, ni makazi yetu ya muda kaburini, na ndipo mahali pa kufufuliwa kwetu. Mwenye kuudharau anaidharau asili yake mwenyewe.

Isitoshe, mtoto wa madrasa akifika umri wa miaka saba au minane hufundishwa tayamamu. Huambiwa kuwa akikosa maji, udongo safi unasimama mahali pa maji, kama ilivyoelezwa katika Surat Nisaa, aya ya 43, na Surat Maida, aya ya 6. Vipi kitu kinachomwandaa mja kusimama mbele ya Mola wake kigeuzwe kuwa fimbo ya kumwadhibu mtoto huyo huyo?

Tukiitazama sira, tunaona mengi zaidi. Katika Vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (SAW) alibeba udongo pamoja na masahaba zake mpaka vumbi likafunika mwili wake, kama alivyosimulia Al-Baraa bin Azib (RA) katika hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Kiongozi wa umma hakusimama kando akiwaamrisha wengine wachimbe. Sayyidna Ali (RA) naye alikutwa na Mtume (SAW) amelala msikitini, mgongo wake umejaa vumbi. Mtume akampangusa na kumwita Abu Turab, yaani baba wa udongo. Wapokezi wanatueleza kuwa hapakuwa na jina alilolipenda Ali kuliko hilo.

Na kuna kisa cha mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (SAW). Alipofariki, masahaba waliliona jambo lake kuwa dogo, wakamzika bila ya kumwarifu Mtume. Alipomuulizia na kuambiwa amekufa, aliwalaumu kwa kutomjulisha, akaomba aonyeshwe kaburi, akamswalia hapo hapo kaburini. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Tazama, ndugu yangu: mtu wa ufagio alifuatwa na Mtume wa Mwenyezi Mungu mpaka kaburini kwake.

Hata katika historia yetu ya karibuni tumeona ufagio ukiweza kupewa heshima. Tarehe 9 Desemba 2015, wakati kipindupindu kikiwa kimeenea, serikali iliamua Sikukuu ya Uhuru iadhimishwe kwa usafi badala ya gwaride, na Rais John Magufuli mwenyewe akaonekana hadharani akizoa taka kwa mikono yake. Siku hiyo watoto wengi waliona kuwa kumbe mkubwa wa nchi anaweza kuinama kuokota uchafu bila ya kuwa amekosa lolote. Hilo ni somo zito kuliko hotuba kumi.

Taka huenda wapi?

Tunapomwambia mtoto "katupe taka", tunamjengea picha kuwa taka zikitoka machoni zimekwisha. Hazijaisha. Zimehama tu. Zimekwenda nyuma ya ukuta wa jirani, au mtaroni, na kwa mkazi wa Dar es Salaam zimeingia Mto Msimbazi, zikasubiri mvua kubwa izirudishe Jangwani zikiwa pamoja na mafuriko, kisha ziendelee hadi baharini. Zikibahatika kuzolewa, zinakwenda kurundikwa dampo la Pugu Kinyamwezi.

Lakini ukiimwaga ndoo ya taka za nyumba ya kawaida na kuikagua, utakuta zaidi ya nusu yake si taka kabisa. Ni maganda ya ndizi na viazi, makapi ya nazi, mabaki ya mchicha, majani ya chai, maganda ya mayai, na majani ya mwembe yaliyofagiwa uwanjani. Vitu hivi vimetoka ardhini na ardhi inavitaka virudi. Tunavizuia tunapovifunga ndani ya mfuko pamoja na chupa na betri.

Tena madhara yake si ya harufu pekee. Mabaki ya chakula yakishindiliwa dampo mahali pasipofika hewa, huoza vibaya na kutoa gesi ya methani, ambayo kwa uzito ule ule huongeza joto la dunia kwa zaidi ya mara 25 ya hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. Mabaki hayo hayo yakioza mahali penye hewa ya kutosha, gesi hiyo hupungua sana na mbolea hupatikana. Ganda ni lile lile. Tofauti ni mahali lilipowekwa.

Wako pia wanaochoma majani kila asubuhi wakidhani ndio usafi. Moshi unaingia vifuani mwa watoto na wazee, na rutuba iliyokuwa irudi ardhini inapotea hewani. Surat Rum, aya ya 41, inatutanabahisha kuwa uharibifu unaodhihiri nchi kavu na baharini umetokana na yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Basi kwa mikono hiyo hiyo turekebishe.

Mboji si jambo geni kwetu

Asije mtu akadhani kuwa mboji ni fasheni iliyoletwa na wafadhili. Bibi zetu walijua kuwa mpapai unaoota wenyewe jaani huzaa kuliko ule uliopandwa kwa fahari mbele ya nyumba. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wana kilimo chao cha ngoro: hufyeka nyasi, huzipanga kwa mistari inayokatana juu ya mteremko, kisha huchimba udongo wa katikati na kuzifunika nyasi hizo. Nyasi huoza chini ya matuta na kuyarutubisha, na mashimo yanayobaki huzuia maji ya mvua yasiichukue ardhi. Wazee wale wamekaa na milima mikali miaka mingi na bado inawalisha.

Wanazuoni wa Kiislamu nao hawakulipuuza jambo hili. Ibn al-Awwam, mwanachuoni wa Sevilla katika Andalusia ya karne ya 12, aliandika kitabu kikubwa cha kilimo, Kitab al-Filaha, na ndani yake akaitengea mlango mzima elimu ya mbolea, aina zake na namna ya kuziandaa. Kwao elimu ya samadi haikuwa chini ya hadhi ya mtu msomi.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi kwa ajili ya watoto uko karibu na sisi, Bamburi, kaskazini mwa mji wa Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hapo tangu miaka ya 1950 na kuacha mashimo makubwa yenye mwamba mtupu, jua kali na maji ya chumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu kupanda aina 26 za miti katika mwamba ule. Baada ya miezi sita zilikuwa zimesalia aina tatu tu, mojawapo ikiwa ni mvinje, ule mti wa pwani wenye majani membamba kama sindano.

Mivinje ikakua. Hata hivyo likazuka tatizo jipya: majani yake yalianguka na kukaa yakiwa makavu, hayaozi, kwa sababu yana dawa ndani yake inayovizuia vijidudu kuyala. Bila ya majani kuoza hapana udongo, na bila ya udongo hapana mti mwingine utakaoota. Ndipo Haller alipomwona jongoo, yule yule tunayempiga teke njiani, akiyala majani ya mvinje. Majongoo yakakusanywa kwa mamia na kuachiwa ndani ya machimbo. Yakala majani, kinyesi chao kikawa chakula cha vijidudu, na kidogo kidogo tabaka la udongo mweusi likaanza kujengeka juu ya mwamba. Miti mingine ikapandwa, ndege wakaja, wanyama wakaletwa. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park na watoto wa shule hupelekwa kutembea chini ya vivuli vya miti.

Mweleze mtoto kisa hiki kisha mwulize: nani aliyetengeneza udongo wa Bamburi? Atakuambia ni jongoo. Hapo atakuwa ameelewa, kwa kipimo cha akili yake, kuwa Mwenyezi Mungu hakuumba kitu bure, na kiumbe aliyekuwa akimkanyaga ana kazi ambayo matingatinga ya kiwanda hayawezi kuifanya.

Namna ya kuanza na watoto

Kazi hii haihitaji fedha. Inahitaji kona yenye kivuli, au ndoo kuukuu iliyotobolewa matundu chini na ubavuni, na mtu mzima mmoja mwenye subira.

Kwanza, wafundishwe kutenga. Pawe na chombo kimoja cha vitu vinavyooza na kingine cha visivyooza. Nyama, samaki, mafuta na chakula kilichopikwa visiingie, maana huleta panya, nzi na harufu. Kinyesi cha paka na mbwa, nepi, plastiki, chupa na betri ni mwiko kabisa.

Pili, wafundishwe kupanga tabaka. Vitu vibichi, kama maganda na mabaki ya mboga, viwekwe fungu moja. Juu yake vitu vikavu, kama majani makavu, karatasi zilizochanwa na vipande vya makuti, mafungu mawili au matatu. Kila mara mtoto akiweka kibichi, akifunike kwa kikavu. Kanuni hii moja inatosha kuondoa harufu na nzi.

Tatu, wafundishwe kuhusu maji na hewa. Mboji iwe na unyevu kama wa kitambaa kilichofuliwa na kukamuliwa: ukiibana mkononi, isichuruzike maji. Igeuzwe mara moja kwa wiki ili hewa ipite. Ikinuka vibaya, imezidi maji au vitu vibichi, basi iongezwe majani makavu. Ikikaa bila ya mabadiliko, imekauka, basi inyunyiziwe maji.

Nne, waachwe washangae. Lundo likifika kama mita moja kila upande, joto la ndani linaweza kupanda hadi nyuzi 55 au 60 kwa kazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Chomeka kijiti katikati, kiache kwa muda, kisha mpe mtoto akishike. Atauliza nani aliyewasha moto humo ndani. Kwa ndoo ndogo joto halitakuwa kubwa na kazi itachukua muda zaidi, lakini matokeo ni yale yale. Katika joto la pwani yetu, lundo linalotunzwa vizuri huwa tayari kwa miezi miwili hadi minne. Dalili yake ni kuwa jeusi, kukatika-katika mkononi, na kunukia kama ardhi iliyopata mvua ya kwanza.

Kwa watoto wa miaka minne au mitano, kutenga na kufunika kunatosha. Wa miaka sita hadi tisa wanaweza kumwagilia na kugeuza wakisimamiwa. Waliovuka kumi waandike katika daftari: siku gani tumeweka nini, lini kijiti kilikuwa cha moto, lini nyungunyungu wa kwanza ameonekana.

Liko pia jaribio moja ambalo halisahauliki. Wazike watoto vitu vinne katika vishimo vinne vyenye alama: ganda la ndizi, jani la mwembe, kipande cha kanga kuukuu ya pamba, na kipande cha plastiki. Baada ya miezi miwili wafukue. Ganda hawataliona, jani litakuwa limechakaa, kanga itakuwa imeanza kuliwa, na plastiki itatoka kama ilivyoingia. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Mtoto aliyefanya jaribio hili hahitaji kuelezwa sababu ya sheria hiyo, ameishika mkononi.

Twahara na usalama

Walimu wa madrasa watauliza, na wana haki ya kuuliza, kuhusu twahara ya nguo za watoto. Maganda ya matunda, mboga na majani ni twahara, na kuoza kwake hakuvifanyi kuwa najisi. Ama samadi, wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, wanakihesabu kinyesi cha wanyama wote kuwa najisi, ilhali Wamaliki na Wahanbali wanakihesabu kuwa twahara kwa mnyama anayeliwa nyama yake. Hata hivyo kuitumia samadi kurutubishia shamba kunajuzu, na mmea unaoota humo ni twahara. Kwa kuwa watoto huswali na nguo walizovaa, ni bora mboji ya madrasa iwe ya majani na maganda matupu. Hivyo tumetoka katika khitilafu na tumeepusha usumbufu.

Kuhusu usalama, watoto wavae viatu, wasiingize mikono kwenye lundo bila ya kuangalia, kwa sababu nge na nyoka hupenda mahali penye joto na kivuli, na wanawe mikono kwa sabuni kila wamalizapo. Mwenye kidonda asishike udongo mpaka kidonda kipone au kifungwe vizuri.

Sharti lisilofaa kuvunjwa

Wazazi wengine watasema: "Sikumpeleka mwanangu madrasa akalime." Malalamiko haya yasipuuzwe, kwa sababu yana chanzo. Wapo walimu wanaowageuza watoto kuwa vibarua wa mashamba yao kwa jina la baraka za mwalimu. Hiyo ni dhuluma, na mtoto ni amana. Basi liwepo sharti bayana: kazi ya mboji iwe fupi, ya robo saa au nusu saa, ifanywe na wote kwa zamu akiwemo mwalimu, na matunda yake yawe ya watoto wenyewe. Wakipanda bamia, mchicha au mpapai kwa mboji yao, mavuno wagawane au wayatoe sadaka kwa jina lao. Mtume (SAW) ametufundisha, katika hadithi ya Anas bin Malik (RA) iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa Mwislamu akipanda mti au mmea, kila anayekula humo, awe mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwa aliyepanda. Tusimnyang'anye mtoto sadaka yake.

Na aliyechelewa je? Aliyechelewa atafutiwe adhabu nyingine inayofaa, au anyimwe zamu yake ya kugeuza mboji. Siku mtoto atakapolia kwa kunyimwa zamu ya udongo, mwalimu ajue kuwa somo limeingia.

Tusidhani kuwa mafundisho ya dini hayana uzito katika mambo haya. Katika kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ambacho wenyeji husimulia kuwa kimepewa jina kwa kuwa kimelala kama msala kuelekea Qibla, eneo la hifadhi lilitangazwa mwaka 1998. Masheikh na walimu wa madrasa wakashirikishwa kuwafundisha wavuvi uhifadhi wa bahari kwa mujibu wa Qur'an. Ikiwa mtu mzima mwenye nyavu na familia ya kulisha anafaa kufundishwa kwa lugha ya dini, basi mtoto wa miaka sita anafaa zaidi.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Ndoo moja, kona moja ya uwanja na robo saa baada ya darasa vinatosha kwa kuanzia, na Jumamosi hii ina nafasi hiyo. Mwalimu na awe wa kwanza kuinama, ili watoto waone kuwa mtu hulazimiki kukosea ndipo aguse udongo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu kuwa makhalifa wema katika ardhi Yake, na atujaalie sisi kuwa mfano mwema kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.